Kamera ya Laki Sita: Hesabu Niliyoipiga Kati ya Kibiti na Delta

Kila boom likikaribia kuingia, lazima mtu mmoja anifuate kantini au pale kwenye ngazi za hosteli na swali lilelile: "Eti dada, nichukue kamera au niongezee hela nichukue simu kali?" Wananiuliza mimi kwa sababu Novemba iliyopita waliniona kwenye mahafali nimening'iniza DSLR shingoni, wakaamini ni yangu. Haikuwa yangu. Na mpaka naandika makala hii bado si yangu. Lakini nimekaa nayo muda wa kutosha, nimeibeba juani na nimeipitisha kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo naomba nijibu swali hili mara moja kwa maandishi, ili mkinikuta kantini mniache nile.

Tuanze na mwenye mali. Kamera yenyewe ni Canon EOS 4000D, na ni ya binamu yangu anayepiga picha za harusi Ikwiriri na Kibiti. Canon waliitoa mwaka 2018, ikiwa moja ya DSLR zao za bei ya chini kabisa. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, nasoma Jiografia na Biolojia, nimemaliza mwaka wa pili. Nyumbani kwetu ni ndani ya delta ya Rufiji. Unaacha lami pale Bungu, unashuka mpaka Nyamisati, unapanda boti, na baada ya hapo unaisubiri huruma ya maji kujaa.

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari wilayani Kibiti. Kidato cha tatu, darasa la wanafunzi zaidi ya sabini, mada ni mito na kazi zake. Nikafika kwenye delta. Kitabu kina mchoro wa delta ya Nile, mzuri tu, nikauchora ubaoni. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono: "Mwalimu, hii ya Misri tumeielewa. Ya kwetu ipo ukurasa wa ngapi?" Darasa likacheka, na mimi nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri. Watoto hawa wengine wamezaliwa kwenye delta yenyewe, bibi zao wanalima mpunga humo. Ni msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko iliyo pamoja Afrika Mashariki, kama hekta 53,000, na tangu mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa limo kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu. Halafu mwalimu wao, mzaliwa wa humohumo, anawachorea Misri.

Siku ya pili nikampigia binamu. Akaniazima kamera kwa wiki mbili, kwa masharti mengi kuliko ya Bodi ya Mikopo.

KAMERA HII INAFANYAJE KAZI

Hapa nivumilieni kidogo, maana mtu asiyejua anachonunua ndiye anayepigwa Kariakoo.

Ndani ya DSLR kuna kioo kidogo kilicholala kwa mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga ukiingia, kioo kinaurusha juu, unazungushwa, unakufikia jichoni kwenye kile kijitundu cha kuchungulia. Kwa hiyo unachokiona pale ni mwanga halisi uliopita kwenye lenzi. Si skrini. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata inafunguka, mwanga unaiangukia sensa, picha inaandikwa. Ule mlio wa "chwaka!" unaowafanya watu wageuke harusini ni kioo hicho kikipanda na kushuka.

Sensa (si ile ya watu na makazi ya 2022) ndiyo moyo wa jambo. Ya 4000D ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha 14.9. Simu nyingi za bei ya kawaida zina sensa ndogo sana. Chukua sensa ya simu yenye milimita 4.8 kwa 3.6, halafu piga eneo: ya kamera ni kubwa karibu mara 19. Eneo kubwa linakusanya mwanga mwingi, ndiyo maana picha ya kamera gizani inabaki na rangi wakati ya simu inageuka uji. Kwa hiyo muuzaji akikuimbia megapikseli, msikilize kwa adabu tu. 4000D ina megapikseli 18, na zipo simu zenye namba kubwa kuliko hiyo. Namba hiyo inakwambia picha ina vidoa vingapi. Haikwambii kila kidoa kilipata mwanga kiasi gani.

Sasa kuna mambo matatu unayoyashika mwenyewe kwa mkono: tundu la lenzi, muda wa shata, na ISO. Binamu alinifundisha kwa saa nzima, sikuelewa kitu. Nikaja kuelewa nikiwa nyumbani, nimekaa ukingoni naangalia maji yanavyoingia kwenye kijito. Mdomo wa kijito ukiwa mpana, maji mengi yanaingia kwa mara moja: hilo ni tundu la lenzi. Maji yakikaa muda mrefu kabla ya kupwa, shamba linalowa zaidi: huo ni muda wa shata. Na udongo wenyewe upo unaokunywa haraka na upo mgumu: hiyo ni ISO. Ukipandisha ISO, udongo unakunywa haraka hata maji yakiwa kidogo, lakini unakupa na tope, yaani zile chembechembe chafu kwenye picha. Ukishajua kwamba ukizidisha kimoja lazima upunguze kingine, umemaliza nusu ya ufundi.

Jambo moja la lenzi, kwa sababu ndilo lililonisumbua darasani. Lenzi inayokuja na kamera hii ni 18-55. Ukiwa kwenye 18, tundu linafunguka mpaka f/3.5. Ukivuta mpaka 55, linaishia f/5.6. Namba ikiwa kubwa tundu ni dogo, msishangae, hata mimi nilishangaa. Maana yake ni kwamba ukivuta karibu unapoteza mwanga karibu mara mbili na nusu, palepale ambapo mkono wako unahitaji kutulia zaidi. Ndani ya darasa lenye madirisha mawili, wakati wa mawingu, hiyo lenzi inakuwa inaomba msaada.

NILICHOKIPENDA

Nitasema ukweli, kitu cha kwanza nilichokipenda ni kile kijitundu. Mchana kwenye boti, jua la saa saba linapiga maji na kurudi usoni, skrini ya simu inageuka kioo cha kujitazama tu. Unapiga kwa kubahatisha. Na kamera unaweka jicho, unaona kila kitu. Tena ukichungulia tu hautumii betri kama unavyotumia skrini. Betri moja ya 4000D, kwa kipimo cha watengenezaji, inafikisha picha 500 hivi. Nikon D3500, ambayo nayo ilitoka 2018 na ni mshindani wake wa karibu, inafika 1,550. Hapo Canon kapigwa, tukubali.

Cha pili ni lenzi kubadilika. Canon wanatumia mdomo uleule wa lenzi za EF tangu mwaka 1987. Lenzi iliyotengenezwa kabla mimi na wewe hatujazaliwa inaingia kwenye kamera hii na inafanya kazi. Binamu ana 50 yenye f/1.8, ndogo kama kikombe cha kahawa, na hiyo ikifunguliwa yote inapitisha mwanga karibu mara 10 ya ile 18-55 ikiwa imevutwa. Kwa lenzi hiyo nilipiga picha za mizizi ya mikoko alfajiri, na tope likaonekana linang'aa kama limepakwa mafuta. Simu yangu haiwezi. Nilijaribu, naapa.

Cha tatu ni ukubwa wa kuchapa. Shule yetu haikuwa na projekta, kwa hiyo picha yoyote ilibidi ichapwe. Picha ya megapikseli 18 ina vidoa 5,184 kwa 3,456. Ukiichapa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unapata sentimita 44 kwa 29, ambayo ni karibu kabisa na karatasi ya A3. Mtoto wa dawati la nyuma anaona kaa amejificha wapi. Ila nisiwadanganye: simu ya megapikseli 12 kwenye mwanga mzuri inachapa A4 bila shida, na nusu ya zana zangu za kufundishia zingetosha A4.

Kuna picha ambazo hakuna kamera ya laki sita itakayokupa. Nilitaka umbo la delta, ile michirizi ya mto inavyogawanyika kama vidole. Nilihangaika siku mbili. Ukiwa ndani ya boti, delta ni ukuta wa kijani kushoto na ukuta wa kijani kulia, basi. Historia ilishatuambia. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, SMS Königsberg, iliingia kujificha humu, na Waingereza wakalazimika kuleta ndege kuitafuta juu ya mikoko. Ilichukua miezi mpaka ikaisha kazi tarehe 11 Julai 1915, tena mizinga ya Waingereza ikielekezwa na watu waliokuwa hewani. Kama jeshi zima la majini lilishindwa kuiona delta kwa usawa wa maji, mimi na 18-55 ni nani? Droni nayo inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nikachukua picha ya setilaiti ya bure mtandaoni, nikaichapa. Kamera nikaiachia mizizi, tope, mitumbwi na watu.

NILICHOKIONA KIGUMU

Umeme. Kule kwetu watu wengi wana sola ndogo ya taa mbili na waya wa kuchajia simu. Chaja ya kamera hii inataka soketi ya ukutani. Siku ya tatu betri ilikata nikiwa mbele ya ndege mdiria aliyetua kwenye kijiti, samaki mdomoni, kama ananidhihaki. Simu yangu ya kawaida ilikuwa na asilimia 80. Nililazimika kutuma betri Nyamisati na nahodha, kama mtu anayetuma barua. Ukiwa unakaa Mlimani au Chang'ombe hili halikuhusu, lakini wenzangu mnaopangiwa TP vijijini, nunueni betri ya pili kabla ya kununua mkoba mzuri.

Chumvi na unyevu. Hapa ndipo kamera ya bei ya chini inapokukumbusha bei yake. Mwili wake hauna kinga dhidi ya maji, hata pete inayoshika lenzi ni ya plastiki. Tena 4000D haina ule mfumo wa sensa kujitikisa vumbi. Mimi nilibadilisha lenzi ndani ya boti, upepo wa kusi unavuma, kwa sababu nilitaka kuonekana fundi. Nilipochapa picha na kuzibandika darasani, mtoto mmoja akakaa akaziangalia sana, kisha akauliza kwa upole: "Mwalimu, huyu ndege mbona yupo kwenye picha zote?" Lilikuwa doa la vumbi kwenye sensa, juu kushoto, angani, kwenye picha kumi na nne. Nikawaambia ukweli. Tukapata dakika kumi za kuzungumzia sensa ambazo hazikuwa kwenye andalio la somo.

Na tafadhali, ile habari ya kuzika kifaa kilicholowa kwenye mchele, sisi watu wa Rufiji mchele tunao, lakini usifanye. Mchele una unga wake, na unga huo ndio vumbi lenyewe. Weka kamera kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vyeupe vya kukausha vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Waulize wauza viatu, wanavitupa. Lenzi ikikaa kwenye unyevu inaota ukungu ndani, mithili ya utando wa buibui, na kuusafisha kunaweza kukugharimu kuliko lenzi yenyewe.

Video. Kama lengo lako ni TikTok au YouTube, acha kabisa hii. Haina tundu la maikrofoni ya nje, skrini haigeuki ikutazame, na ukiwa unarekodi, lenzi inatafuta-tafuta fokasi kama mlevi anayetafuta ufunguo. Simu ya bei hiyohiyo inaipita mbali.

Na teknolojia yenyewe inazeeka. Makampuni yamehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na Nikon walishaacha kutengeneza hiyo D3500 mwaka 2022. Kuna wanaoliona hili kama sababu ya kukimbia. Mimi naliona kwa jicho la mwanafunzi: watu wenye hela wakihama, vifaa vyao vinashuka bei na vinatufikia sisi. Ila ujue unanunua kitu ambacho thamani yake itashuka tu.

BUNDUKI CHINI

Hili la mwisho halimo kwenye maelezo ya duka lolote. Siku moja nilimkuta mzee kwenye kijito, anapakia mtumbwi. Mimi nikainua kamera kabla sijainua salamu. Kosa kubwa. Akaacha kazi, akasimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe ni wa maliasili?"

"Hapana babu, mimi mwanafunzi. Nyumbani hapo ng'ambo tu." Nikamtajia jina la babu yangu.

"Aa, basi weka hiyo bunduki chini tuzungumze."

Mikoko ni msitu wa hifadhi. Kuikata kunataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na mtu mwenye nguzo tatu kwenye mtumbwi anajua picha inaweza kwenda wapi. Mzee hakuwa na kitu kibaya, alikuwa na kuni kavu na mtego wa kaa. Lakini kamera kubwa ilimwambia kwamba mimi ni mtu wa ofisi. Simu isingemwambia hivyo. Tulikaa karibu saa nzima, akanionyesha jinsi ya kutambua mchu kwa vimizizi vyake vinavyochomoza kwenye tope kama penseli, na shimo lipi lina kaa na lipi lina hewa tu. Picha alikubali mbili, za mikono yake, uso hapana. Hizo mbili ndizo wanafunzi walizozipenda kuliko zote.

Kibiti, tena, ina kumbukumbu zake. Mwaka 2017 watu waliuawa pale, wakiwemo polisi na viongozi wa vijiji, na Novemba mwaka huohuo mwandishi Azory Gwanda, aliyekuwa akiliandikia gazeti la Mwananchi, alitoweka. Hali ni shwari siku hizi, biashara zinaenda, lakini usitegemee mtu akuone mgeni una kamera kubwa unapiga-piga barabarani halafu akae kimya. Mimi nilianza na barua kwa mtendaji wa kijiji na ruhusa ya mkuu wa shule. Kwa picha za watoto, hata darasani, omba kwa wazazi pia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sisi walimu watarajiwa tusiwe wa kwanza kutupa sura za watoto wa watu kwenye status.

HESABU SASA

Novemba binamu alinikodishia kamera kwa siku tatu za mahafali, elfu ishirini kwa siku. Nikauza picha 61 kwa elfu mbili mbili, jumla 122,000. Toa kodi 60,000, toa nauli na bando 14,000, nikabaki na 48,000. Nilijiona tajiri wa kutupwa mpaka nilipokaa na kalamu.

Tuseme kamera ingekuwa yangu, hakuna kodi. Ningebaki na 108,000, yaani 36,000 kwa siku. Ili irudishe laki sita, nahitaji siku 17 za mahafali. Chuo gani kina siku 17 za mahafali kwa mwaka? Pasipoti saizi, sherehe za kuzaliwa na harusi za hapa na pale zingenisogeza, lakini hizo zinataka flashi, lenzi ya pili, na kukosa vipindi vya Ijumaa. Halafu kuna jambo lililoniuma: wateja karibu wote walitaka picha kwa WhatsApp. WhatsApp inaminya picha mpaka ile tofauti ya sensa mara 19 inapotelea njiani. Ukiituma kama faili inabaki nzima, lakini nani ana bando la kupokea faili?

Kwa hiyo kama unanunua kwa ajili ya biashara, kodisha kwanza msimu mmoja, andika kila shilingi, halafu uamue. Kama unanunua ili ujifunze upigaji picha wenyewe, hapo nakuunga mkono. Kamera inayokulazimisha kuchagua tundu, muda na ISO inakufundisha mwanga. Simu inachagua kwa niaba yako na haikuelezi. Mohamed Amin, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha Camerapix hapohapo mwaka 1963, alianza na Box Brownie, kamera ambayo ni kama kiboksi. Picha zake za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984 dunia nzima ilizitazama. Kifaa cha kuanzia si lazima kiwe cha kutisha.

Ukiamua kununua ya mtumba, fanya haya ukiwa bado dukani na hela ikiwa bado mfukoni. Weka lenzi kwenye f/22, piga picha ya ukuta mweupe au anga, ivute uikague: madoa yatajitokeza yenyewe. Toa lenzi, mulika ndani kwa tochi ya simu, tafuta ukungu. Tazama ile pete ya plastiki kama ina ufa. Jaribu fokasi mara kumi, karibu na mbali. Ulizia chaja ya asili. Dai risiti, na kama muuzaji ni mtu binafsi, dai aandike na kusaini kwamba mali ni yake, maana kamera za wizi za hosteli nazo huwa zinatafuta wateja.

Mwezi wa tano binamu akanipigia: anataka kuuza, laki sita, mimi kwanza kabla ya watu wa nje. Nilikuwa na laki sita na themanini. Nilikuwa nimejinyima kwa mihula miwili, chai na andazi mchana. Nikamwambia nipe wiki mbili. Kabla hazijaisha, orodha ya kidato cha tano ikatoka, mdogo wangu kapangiwa shule ya bweni mbali. Ada ya kidato cha tano serikali ilishaifuta, lakini karatasi ya maelekezo ina tranka, godoro, shuka, sare, viatu jozi mbili, ndoo, na nauli. Mama alikuwa na mpunga, ila mafuriko ya Aprili 2024 yalitutia deni ambalo mpaka leo tunalivuta. Hakuniomba. Alinisomea tu ile karatasi kwenye simu, kitu kimoja kimoja, kisha akanyamaza. Laki nne na nusu zikaondoka siku hiyo.

Binamu hakukasirika. Amesema atasubiri mpaka boom la Novemba, kama hajapata mteja. Bado namkodi.

Siku mdogo wangu anaondoka nilimsindikiza mpaka Nyamisati. Nilitaka nimpige picha ya maana, na tranka lake jipya la bluu, kwa ile 50. Kamera ilikuwa Ikwiriri harusini. Nikampiga kwa simu akiwa anashuka kwenye boti, mguu mmoja ndani, mguu mmoja majini, tranka kichwani. Imetikisika kidogo, anga nyuma yake imeungua ikawa nyeupe tupu. Mama ameshaipeleka kuchapwa. Saizi ya A4 imetoka vizuri.